Mtoto Asiyemkatiza Mkubwa

Kabula mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako ninaijua, maana asubuhi nimekuona ukinywa uji. Yangu ni kwamba ninaogopa. Ninaogopa tangu mvua zilizopita, tena wiki hii hofu yenyewe imebadilika, ndiyo maana nimekaa mezani na kalamu huku wewe uko Kipalapala kwa bibi yako, ukimmenyea karanga za mbegu. Nikisubiri urudi nikuambie kwa mdomo nitaharibu. Nikikutazama usoni nitasema lile lile la Jumapili, nawe utanijibu lile lile.

Tukumbushane, maana huenda kwako lilikuwa jambo dogo. Tulikuwa tumetoka kanisani, baba yako kaenda kuangalia ng'ombe, nikakuambia usiende Dar es Salaam. Nilisema kazi ya kuongoza ndege haikufai, na kwamba kule Isikizya, halmashauri, wanatafuta karani wa masijala na mimi nimeshazungumza na mtu. Umesoma chuo, umefaulu, umepangiwa kituo, treni ni Alhamisi, na mama yako anakuambia usiende. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Maneno ya akiba nilikuwa nayo tele, mengine makali. Wewe ukasema, "Sawa, mama." Ukaingia chumbani, ukazitoa nguo kwenye sanduku, ukazitundika moja moja.

Usiku ule nililala fofofo, sikufichi. Jumatatu nilipita mlangoni kwako nikaona lile gauni jeusi ulilojishonea kwa ajili ya kazi limetundikwa katikati ya madira, nikasimama pale na ndoo mkononi mpaka baba yako akauliza kama mgongo umenikamata. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikukifurahia. Subiri, nitafika huko.

Sikuandikii habari za kufua na kupika. Kufua unajua, kupika unanishinda, na watu wa mjini ni watu tu, utawazoea. Ninakuandikia habari za ile kazi, na habari zangu.

Nilikaa kwenye mnara wa uwanja wetu hapa Tabora tangu hujazaliwa hadi nilipostaafu. Wewe umefundishwa kwenye skrini, kila ndege ni alama inayotembea na namba zake pembeni. Sisi hatukuwa na rada. Tulikuwa na redio, saa ya ukutani, darubini, na vikaratasi vyembamba, kila ndege na chake: inatoka wapi, iko juu kiasi gani, inategemewa lini. Watu wa mjini walidhani kazi yetu ya hatari ni ndege, kumbe siku nyingi ilikuwa mbuzi. Ndege iko karibu kutua, na mbuzi wa watu wamejilaza kwenye lami wanaota jua, mlinzi anawakimbiza na fimbo, mimi huku juu nimeshika kichwa. Tulicheka sana siku hizo.

Lakini ndege ikishaingia mawinguni huna cha kucheka. Ulichobaki nacho ni sauti ya rubani na kile kikaratasi. Akisema yuko futi elfu tisa, unaamini yuko futi elfu tisa. Ndiyo maana kazi yote imesimama juu ya jambo moja, nawe umefundishwa hilo hilo: ukimpa rubani agizo, analirudia, nawe unasikiliza kama alilorudia ndilo ulilompa. Asiporudia, hesabu kwamba hujamwambia kitu. Akirudia vibaya, unamsahihisha hapo hapo, awe nani awe nani. Chuoni hilo ni swali jepesi, kila mtu analipata. Ukikaa kwenye kile kiti, kama umelelewa huku kwetu, linakuwa zito ajabu.

Kulikuwa na rubani mzee, tulikuwa tunamwita Kapteni. Ulikuwa mdogo, sijui kama unamkumbuka. Mrefu, mvi zimejaa, mzee wa kanisa, akitoka Dar anatuletea mikate laini na magazeti. Bibi yako alipoumwa lile tumbo, Kapteni alimpandisha kwenye ndege yake bure hadi hospitali ya Dar. Mtu wa namna hiyo huku kwetu ni baba. Nikikutana naye uwanjani nilikuwa napiga goti, ananiitikia marahaba kwa furaha, anakuulizia wewe kwa jina.

Kapteni alikuwa na tabia moja. Ukimpa agizo harudii. Redioni tunasema Kiingereza chetu cha kazi, lakini yeye alikuwa anachomeka Kiswahili chake katikati: "Nimekusikia, mwanangu." Basi. Mkubwa akishasema amekusikia utamwambia nini? Utamwambia rudia, kama mtoto wa shule anayeimbishwa hesabu? Wenzangu walikuwa wanamwachia. Na mimi nilimwachia, mwaka baada ya mwaka, na ndege ikatua salama kila mara, nasi tukaona ndivyo kazi ilivyo.

Siku moja ya mvua Kapteni alikuwa anarudi kutoka Kigoma. Wakati huo huo kulikuwa na ndege ndogo imeruka kutoka kwetu kwenda huko huko Kigoma, njia ile ile, ndani yake daktari na wagonjwa. Hiyo ndogo ilikuwa inapanda, kikomo chake futi elfu nane. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka juu ya miti. Rubani mmoja asingemwona mwenzake hata wakigusana mabawa. Nikamwambia Kapteni ashuke, akomee futi elfu tisa, asubiri hapo.

Siku zote yeye alikuwa anashuka moja kwa moja hadi elfu saba. Hakuna aliyewahi kumzuia katikati. Akanijibu, "Nimekusikia, mwanangu."

Kabula, sijui jinsi ya kukuelezea kimya kilichofuata. Mwenzangu wa zamu aliniangalia, nikamwangalia, akageuka kutazama dirishani. Alijua ninachofikiria na hakutaka kuwamo. Nilikuwa najiambia, amesikia, mzee yule ameruka angani tangu mimi navaa sketi za shule, wewe ni nani. Nilimwona bibi yako kwenye machela anapandishwa ndegeni. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha redio na hakikubonyeza. Halafu kikabonyeza, nami nikasema, kwa sauti iliyotoka nyembamba kama ya kitoto, "Kapteni, rudia agizo."

Alirudia polepole, kama anayemnyamazisha mtoto: anashuka hadi futi elfu saba.

Nikamwambia hapana. Sikusema samahani, sikusema mzee wangu. Nilisema, "Hapana. Futi elfu tisa. Usishuke zaidi. Rudia." Akarudia elfu tisa. Nilikaa nimeshika ukingo wa meza mpaka ile ndogo iliporipoti imempita na iko mbali, ndipo nikamruhusu Kapteni kushuka. Akatua vizuri kama kawaida. Daktari akafika Kigoma na wagonjwa wake. Hakuna kilichotokea, mwanangu. Ukiifanya kazi hii vizuri maisha yako yote, hilo ndilo utakalopata: hakuna kilichotokea. Hakuna atakayejua, na wewe huwezi kumsimulia mtu, maana utamwambia nini?

Kapteni akapanda ngazi za mnara. Hakuwa na kawaida ya kupanda. Nilisimama, nikainama nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alisema nimemsomesha kama mtoto wa darasa la kwanza, marubani wote kwenye redio wanasikia, na kwamba hakujua nyumba aliyoisaidia ina watu wasio na adabu. Ningemweleza kuhusu ile ndege ndogo, na ripoti baadaye niliiandika kama ilivyotakiwa, lakini uso kwa uso mdomo wangu ulikuwa umeshatumia nguvu zake zote. Akashuka. Tangu siku hiyo hadi alipoacha kuruka, kila nilipomwamkia alipita kama amepita kwenye mti.

Ninakuambia ukweli, ndege zile mbili hazikuninyima usingizi kama ile shikamoo. Tabora unaijua. Habari ilifika sokoni kabla yangu. Kanisani wakinamama walisogea kwenye benchi kunipa nafasi, kwa adabu kabisa, nafasi kubwa kuliko ninayohitaji. Shangazi yako mmoja aliniambia mwanamke akishakaa juu mnarani anasahau kushuka. Nilikuwa nimefanya kazi yangu sawasawa, na nilikuwa natembea na aibu kama mwizi.

Kosa langu lilikuja baada ya hapo, na lilikaa ndani ya nyumba hii miaka yote, nikiona ni malezi. Niliapa kwamba binti yangu hatapitwa namna ile. Shikamoo yake haitakosa mtu wa kuiitikia. Nikakufunga mdomo, Kabula. Mkubwa akiongea, kaa kimya. Mkubwa akikosea, ameteleza tu, si kazi yako. Usimtazame machoni. Usiulize mara mbili. Nikija nawe mnarani likizo, ulikuwa unakaa kwenye kile kigoda pembeni, mikono mapajani, wanakupa soda, unashukuru kwa magoti, na wenzangu wanasema, "Mama Kabula, hapa umelea." Nilikuwa navimba kwa sifa. Mimi niliyejua kabisa kimya kinaweza kuua watu, nilikuwa nalea kimya nyumbani na kupongezwa.

Halafu wewe mwenyewe ukachagua kazi yangu. Nilipoona barua ya chuo nililia, ukadhani ni furaha. Ilikuwamo pia. Nikajiambia watakufundisha, watakutoa huo woga, chuo ni chuo. Ukafaulu vizuri, nikatulia.

Nilitulia mpaka mvua zilizopita, ile siku ya Urambo. Baba yako mkubwa alikuwa anaendesha pikapu yake, wewe umekaa naye mbele, mnatoka kupeleka mbolea shambani kwake. Jana yake ulikuwa umepita njia ile kwa bodaboda, na bodaboda akageuza kwa sababu kalavati limesombwa. Ulikuwa umeliona shimo kwa macho yako. Baba mkubwa akakata kona kuingia njia hiyo hiyo, jioni, taa moja haiwaki, anakusimulia jinsi anavyoijua tangu hujazaliwa. Pikapu ikatumbukia shimoni, mkono wake ukavunjika sehemu mbili. Wewe uliletwa na damu imekukaukia kwenye nyusi.

Nilipokuwa nakuosha nilikuuliza kwa nini hukumwambia. Ulinijibu kwa mshangao, kama mimi ndiye nisiyeelewa: "Alikuwa anaongea, mama. Ningemkatizaje?"

Beseni lilinitoka mkononi. Wewe ulidhani ni kwa sababu ya jeraha.

Tangu siku hiyo kila ninapofumba macho ninakuona kwenye kile kiti cha Dar. Huko si mbuzi na ndege mbili tatu. Huko zinakuja kwa mfululizo, usiku na mchana, kubwa, zimejaa watu waliosinzia. Na sauti zinazoshuka redioni ni za wanaume wazima wenye sauti nzito, wengine wageni, wengine watu wa umri wa baba yako, wamechoka, hawataki kusumbuliwa na binti. Mmoja atakuambia amekusikia. Mmoja atarudia kitu ambacho hukumpa, kwa sauti ya mtu asiyekosea. Na wewe nakujua, utainamisha macho hata kama hakuoni. Ninaamka nimeloa jasho. Nikisikia ndege inapita juu ya nyumba ninaacha kusonga ugali na kusikiliza mpaka ipotee, baba yako ananiambia ugali unaungua, nami siwezi kumweleza.

Basi nikaona dawa ni kukuzuia. Bora uwe karani Isikizya, uandike namba za majalada, ukikosea jalada litatafutwa. Hilo ndilo lililokuwa nyuma ya maneno yangu ya Jumapili. Sikukuambia kwa sababu ningelazimika kukuambia na haya mengine.

Na wewe ukasema sawa, mama.

Umeona sasa kilichonikamata pale mlangoni na ndoo? Unajua kuwa nimekosea. Ninakujua, ulijua palepale. Unaitaka kazi hii. Usiku ulikuwa unajisomea maagizo mwenyewe chumbani na kujijibu, nilikuwa nakusikia. Mkubwa amekosea mbele yako, jambo lenyewe ni maisha yako, wala si kalavati, nawe ukamwachia aingie shimoni. Kama huwezi kunikatiza mimi ninayekupenda, nitakayekuitikia hata ukinitukana, utamkatiza nani? Ningekubakiza hapa ungekuwa salama, ndivyo nilivyodhani. Kumbe hata hapa hutakuwa salama. Atakuja mume akukosee, utasema sawa. Atakuja bosi wa Isikizya akuambie saini hapa, utasema sawa. Nimekulea kwa namna ambayo hakuna pa kukuficha.

Bibi yako huwa anakusimulia habari za yule babu wa ukoo wetu aliyekuwa kirongozi, anayetangulia mbele ya wapagazi kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani. Mwenye mali alikuwa nyuma na bunduki zake, pembe za ndovu ni zake, chakula ni chake. Lakini kirongozi akisimama na kusema huko mbele kisima kimekauka, msafara mzima ulisimama. Nilipokuwa mdogo nilijivunia hadithi hiyo. Siku hizi ninachofikiria ni jinsi yule mtu alivyosimama pale njiani, jasho linamtoka, anageuka kumwambia tajiri mwenye bunduki kwamba hapana. Bibi hasemi kama aliogopa, kwa sababu wasimulizi hawapendi hayo. Aliogopa. Mimi nakuapia aliogopa, maana nimekaa pale alipokaa, na najua inavyokuwa. Woga hauondoki. Mimi haukuniondoka hata siku ya mwisho ya kazi. Kidole kinabonyeza hivyo hivyo kikiwa kinatetemeka, na rubani haoni kidole, anasikia neno.

Sitakuambia usiogope, basi. Ningekuwa naongopa. Na sitakuambia uache adabu. Wasalimie watu, piga magoti kwa wanaostahili, hilo sijutii. Ninachojutia ni kwamba sikukufundisha kwamba mtu unaweza kumpigia goti na kumwambia amekosea, siku hiyo hiyo. Mimi nilifanya hivyo mara moja, ikaniuma, nikakuficha.

Nguo zako nimezipiga pasi zote na kuzirudisha kwenye sanduku. Gauni jeusi liko juu. Barua hii iko juu ya gauni, utaikuta ukirudi kutoka kwa bibi. Tiketi ya treni nimekwenda stesheni mwenyewe kuifuata, baba yako anayo. Yeye nimemweleza yote. Akasema alikuwa anangoja nimalize kuogopa. Nimemwambia sijamaliza.

Na hili ndilo la mwisho, lisome mara mbili. Kesho asubuhi nitakuwa nimesimama mlangoni. Ninajijua. Nikikuona umevaa, umeshika sanduku, moyo utanishinda nami nitasema, Kabula, usiende. Nitasahau kila nililoandika hapa. Pengine nitalia, pengine nitakushika mkono. Usidhani ni mtihani ninaokutegea, maana nitakuwa nasema kwa moyo wangu wote. Nitakuwa nimekosea, nami ni mama yako, na pale mlangoni hatakuwepo mwingine wa kunisahihisha. Baba yako nimemkataza.

Usitazame chini. Usiniambie sawa. Niambie, "Hapana, mama," kwa sauti ninayoweza kuisikia, upite. Nikirudia, nawe rudia. Nitaumia, Kabula. Niache niumie, wewe nenda.

Mama yako